Moto wa Lihova na Mvua ya Alhamisi

Jumamosi saa tatu asubuhi Mzani uligoma. Sisemi uliharibika. Nimekaa na mashine hiyo miaka kumi na tisa, najua inapoumwa. Uliwaka vizuri, ukasoma anga, ukasoma watu, halafu taa ya tangazo ikabaki nyekundu.

"Rudia," nikamwambia Oswini.

"Nimerudia mara sita, dada."

"Rudia ya saba. Anayesaini ni mimi."

Oswini Mgaya ni fundi wa kituo chetu, mtu wa miaka arobaini na ushei, mwenye mashamba mawili ya mahindi bondeni na mdomo usiojua kupumzika. Akarudia. Nyekundu.

Kazi yetu hapa Ihangilo ni kutoa, kila Jumapili saa sita mchana, mwelekeo wa hali ya hewa wa wiki inayoanza kwa nyanda zote za juu upande wetu. Mimi, Sigrida Ngonyani, ndiye msomaji. Watu wananijua kwa sauti kuliko kwa sura; sokoni nikiuliza bei ya vitunguu vichwa vinageuka. Kiapo changu ni kifupi: sitasoma kitu ambacho Mzani haujakiwashia taa ya kijani.

Zamani watabiri walitazama anga peke yake, wakakosea, na hawakujua wamekosea wapi. Walikuwa wamesahau kwamba watu wanasikiliza. Ukitangaza mvua watu wanafungulia mabwawa, wanahamisha ng'ombe, wanachoma mashamba, na mambo hayo yote yanarudi angani. Mzani unapima pande zote mbili. Upande mmoja una upepo na mawingu. Upande wa pili una vivuli: kila kaya ina kivuli chake ndani ya mashine, kilichojifunza mwenendo wa kaya hiyo mwaka hadi mwaka. Unaandika tangazo, Mzani unavisomea vivuli kwanza, unaona vitafanya nini, kisha unatazama anga itafanya nini baada ya hapo. Tangazo likibaki kweli hata baada ya kusikika, taa inakuwa kijani, nami nasoma.

Wiki ile hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Alhamisi mchana wingu zito lingepanda kutoka ziwani, lenye milimita thelathini na moja za mvua. Baada ya hapo Mzani haukuona tone kwa siku ishirini na nne. Na bondeni, chini ya kilima cha Lihova, mahindi yaliyopandwa kwa mvua ya kwanza yalikuwa na urefu wa kidole na majani yameanza kujikunja. Kaya mia sita na kumi na mbili zilikuwa zimemaliza mbegu zao pale. Isiponyesha Alhamisi, mwaka umekwisha.

"Andika: Alhamisi mvua," nilisema.

"Ndiyo hiyo hiyo inayokataliwa," Oswini akasema. "Njoo uone mwenyewe."

Nikaona. Kaya zenye mahindi bondeni ndizo hizo hizo zenye ulezi juu kilimani, na ulezi wetu hupandwa kwenye majivu. Unafyeka, unaacha vichaka vikauke, kisha unachoma siku moja kabla ya mvua ili maji yayashike majivu kabla ya upepo kuyachukua. Ukisema mvua ni Alhamisi, Jumatano jioni Lihova yote inawaka. Miaka mingine haina neno, moshi unaondoka na upepo. Wiki hii upepo ulikuwa umelala kabisa. Moshi ungepanda wima mpaka ndani ya lile wingu, na kila chembe ya moshi ingejivutia unyevu wake kidogo, mpaka wingu zima liwe na matone mengi mno na madogo mno, yasiyoweza kuungana yakadondoka. Lingepita juu ya vichwa vyetu na kwenda kumwagia watu wengine.

Tukaandika: wiki kavu. Vivuli havikuchoma, mvua ikanyesha, na taa ikawa nyekundu kwa sababu tangazo limegeuka uongo. Tukaandika yote bila kuficha: mvua ipo Alhamisi, msichome, moshi utaifukuza. Vivuli vikasikiliza kwa adabu. Kisha kila kimoja kikajiambia kwamba wengine wataacha, na kwamba shamba lake dogo haliwezi kuzuia wingu. Vikachoma karibu vyote. Nikacheka, nakiri, kwa sababu kimojawapo cha vilivyochoma kilikuwa kivuli cha Oswini.

"Umechoma, Oswini."

"Kimenisingizia."

"Saa kumi na nusu, Jumatano."

Akajikuna shingo. "Basi tangaza kavu, dada. Watu wapate mvua. Uongo mmoja ndani ya miaka kumi na tisa, nani atakufunga?"

"Na Jumapili ijayo nitasema nini?"

"Utasema samahani. Mtu mwenye mahindi anasamehe upesi."

Yale mahindi yalikuwa yake pia, na wale wanaokula kwake ni tisa.

*

Mimi nina ugonjwa mmoja: kitu kikinikatalia, nataka kujua kimenikatalia kwa njia gani. Oswini alipokwenda kunywa chai nilifungua picha za Lihova zilizopigwa kutoka juu na droni zetu, jioni zote kumi na tisa za kuchoma. Mzani unazihesabu kwa siku tu: kaya hii ilichoma Jumatano, ile haikuchoma. Mimi nikazitazama kwa dakika.

Mwaka wa kwanza moshi wa kwanza ulitoka shamba namba 212, saa kumi na dakika tano. Wa pili ulifuata baada ya dakika sita, kisha ikawa fujo. Nikafungua mwaka wa pili. Moshi wa kwanza, 212. Mwaka wa tatu, 212. Nikavuta kiti karibu. Mwaka wa kumi na moja shamba 212 lilichelewa saa mbili nzima, sijui kwa nini, na kilima chote kikachelewa saa mbili. Watu mia sita walikuwa wamesimama na viberiti mifukoni wakingoja.

Vivuli vyetu vilikuwa vinaamua kila kimoja peke yake. Watu wenyewe hawakuwa wanaamua hivyo hata siku moja. Nilisisimka mpaka nikasahau chai yangu.

Halafu nikatazama jina la shamba 212, nikajiona mjinga. Ni la ukoo wa Nyagawa, ukoo wa marehemu mume wangu, na anayelishika sasa ni wifi yangu Hildegada. Miaka kumi na tisa nimeolewa kilima kile nikitokea Songea, na kila siku ya kuchoma nimekuwa zamu kituoni, nikiwatangazia watu habari za moto nisioujua.

*

Nilimkuta kwenye chanzo cha maji, amefungua pampu ya kijiji, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Hildegada ndiye fundi pampu wa vijiji vitano na hapendi kusimamiwa.

"Kamwene, wifi," nikasema.

"Kamwene. Redio imeshuka kwa miguu leo. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kukuuliza moto."

Nilimweleza yote, la Alhamisi na la moshi. Nilikuwa navunja kanuni, kwani mwelekeo wa wiki hauambiwi mtu mmoja kabla ya wote. Alisikiliza huku akifuta boliti moja moja na kuzipanga juu ya gunia.

"Kwa hiyo unataka nisiwashe."

"Nataka kujua kwanza. Usipowasha wewe, wengine watawasha?"

Akanitazama kama nimeuliza maji yanatoka wapi. "Nani? Tangu babu ni hivyo. Ukiwasha kabla yetu na moto ukaruka kwa jirani, huo ni moto wako peke yako. Hakuna atakayekata tawi kukusaidia, na hasara utailipa mwenyewe. Ukiwasha baada yetu, ni moto wa kilima. Ukiruka, watu wote wanakuja kuuzima. Sasa nani mwenye akili atatangulia?"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliwahi kuuliza? Wewe wifi yangu habari za ulezi unazitaka ukiwa tayari kikombeni."

Nikacheka, naye akacheka. Maji yalikuwa yakivuja taratibu kwenye mdomo wa bomba.

"Vichaka vikilowa havitashika moto tena," akasema. "Mpaka vije vikauke, wakati wa ulezi umepita. Mwaka huu Lihova haitakuwa na ulezi hata wa uji wa mzazi."

"Itakuwa na mahindi."

"Ya kwangu yapo pia pale bondeni, usidhani sijui." Akachukua spana, akakaza boliti iliyokwisha kukazwa. "Watanila nyama."

Nilijua ninachomwomba, na niliona vibaya kumwomba.

"Haya," akasema mwishowe. "Sitawasha. Lakini usiseme kwa mtu. Wakija Jumatano nitasema naumwa, wangoje kesho, na kesho itakuwa mvua. Basi. Sasa nenda, unanizibia mwanga."

Nilirudi kituoni nikaingiza mambo mawili kwenye Mzani: kwamba kilima hungoja shamba 212, na kwamba shamba 212 halitawasha. Nikaandika tangazo fupi: Alhamisi mchana mvua, milimita thelathini na moja. Mzani ukavisomea vivuli. Vikasimama Jumatano jioni vikingoja moto usiokuja, giza likaingia, vikaenda kulala.

Kijani.

Oswini aliruka akaninyanyua mkono kama nimeshinda ngumi. "Nilikuambia! Nilikuambia!" Hakuwa ameniambia lolote.

*

Jumapili saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa nimekaa mbele ya kipaza sauti na karatasi yenye mistari minne. Kila neno lililoandikwa pale lilikuwa kweli. Nilisoma mara tatu, na kila mara nilibaki kwenye lile ambalo halikuandikwa.

Watu wangesikia mvua, wangepanda kilimani na vienge vyao vya majani makavu, wangengoja. Hakuna ambaye angejua kwamba moto wao nimekwisha kuuzima mimi, Jumamosi, kwenye chanzo cha maji. Wangepoteza ulezi wao bila kuulizwa. Na lawama yote ingemwangukia mwanamke mmoja aliyesema anaumwa, huku mimi nikipongezwa kwa utabiri mzuri.

"Oswini, nataka kujaribu kitu."

"Usijaribu kitu. Ni kijani."

Nikaandika tangazo upya, pamoja na yote niliyokuwa nimeyafanya, nikaliingiza. Mzani ulikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Taa ya kijani ikazimika. Nilingoja nyekundu, nayo haikuja. Kwenye kioo yakatokea maneno ambayo sikuwahi kuyaona tangu niajiriwe: hakuna mfano wa nyuma.

"Inamaanisha nini?" Oswini akauliza kwa sauti ndogo.

"Inamaanisha haujui."

"Mashine haijui?"

"Haijawahi kuona watu hawa wakiambiwa jambo kama hili."

"Dada Sigrida." Alishika ukingo wa meza. "Ile nyingine inajua. Ile nyingine ni mvua. Nina watu tisa nyumbani. Soma ile ya kijani, nakuomba."

Nilimwonea huruma sana, na niliogopa. Pia, kwa nini nifiche, ndani ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine kikinisukuma: nilitaka kujua. Saa sita ikagonga. Taa mbele yangu haikuwa na rangi yoyote, na kiapo changu kilinitaka nifunge mdomo. Nikawasha kipaza sauti.

"Huu ni mwelekeo wa hali ya hewa wa wiki. Jumatatu hadi Jumatano, kavu, upepo hafifu. Alhamisi mchana kuna wingu lenye mvua ya kutosha mahindi, na baada yake hakuna nyingine kwa siku ishirini na nne. Wingu hilo litanyesha Lihova ikiwa Lihova haitachoma Jumatano. Ikichoma, moshi utaingia winguni na mvua itatupita. Nimemwomba wifi yangu, Hildegada Nyagawa, asiwashe moto wa kilima, naye amekubali. Mwaka huu mtakosa ulezi. Aliyemwomba ni mimi, kwa hiyo mwenye hasira aje kwangu. Kama mvua itanyesha kweli, Mzani haujui. Sijawahi kuwaambia hivyo, lakini leo nawaambia. Haujui, nami sijui."

Nikazima. Oswini alikuwa amekwisha kutoka nje.

*

Saa nane Hildegada alikuwa mlangoni, bado amevaa nguo za kanisani.

"Umenitangaza kama mbuzi aliyepotea!"

"Wifi, nisikilize."

"Nimekusikiliza! Kanisa zima limekusikiliza, vipaza sauti vile mmeviweka mpaka chooni! Nilikuambia usiseme kwa mtu, wewe ukasema kwa watu elfu kumi!"

"Nimesema na langu pia."

"Lako! Wewe unakaa huku na waya zako. Jumatano atakayekaa pale juu ni nani?"

"Nitakuja."

"Usije," akasema, akaondoka bila kuaga. Kwetu wifi hamwachi wifi bila kuaga, hata wakiwa wamegombana. Nilikaa na hilo siku tatu.

*

Jumatano nilikwenda hata hivyo. Oswini alibaki na Mzani, ambao tangu Jumapili ulikuwa unaandika maneno yale yale.

Walikuwa wamejaa kilimani, vienge vya majani mabegani, kama mwaka wowote. Hapakuwa na pombe wala nyimbo za mgowe, zile za siku za kazi ya pamoja. Hildegada alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba lake, amekunja mikono, anatazama mbele. Saa kumi na dakika tano ikafika. Ikapita. Mzee Mligo, mwenye shamba linalopakana na lake, akasogea.

"Hildegada. Ni kweli umekataa?"

"Ni kweli."

"Kwa ajili ya mahindi?"

"Ya kwako na ya kwangu."

"Na kesho isiponyesha?"

"Hapo mtanichoma mimi, vichaka mvibakize."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha wawili watatu. Mzee Mligo hakucheka. Alisimama pale akimtazama, halafu akaweka kienge chake chini, akakikalia.

Saa kumi na moja moshi mwembamba ukapanda mwisho kabisa wa kilima. Wanaume na wanawake wakakimbia na matawi mabichi, tukasikia kelele na matusi ya kila aina, na kabla sijafika nusu ya njia moshi ulikuwa umekufa. Mwenye shamba alikuwa anajitetea kwamba lake ni dogo. Hakuna aliyemsikiliza. Jua likazama juu ya Lihova ambayo haijaungua, watu wakashuka wakiwa wamebeba majani yao makavu, na Hildegada alipita mbele yangu bila kunitazama.

*

Alhamisi sikwenda kituoni. Nilikwenda kwa Hildegada, kwa sababu kama kuna watakaokuja na hasira walitakiwa wanikute pale. Alinifungulia, akanionyesha kiti, akaendelea kuchambua maharage. Tulikaa hivyo tangu saa nne.

Nje, watu walikuwa wametoka kwenye nyumba zao. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuona watu wa kilima hiki wakitazama juu. Walikuwa wakisikia mvua saa ngapi, wanaingiza nguo dakika tano kabla, basi. Sasa walisimama uani wameinua vichwa, wakubwa na wadogo, wakionyesha kwa vidole. Hata mimi nilijikuta mlangoni. Wingu lilikuwa limefika, jeusi chini, na sikuwa najua kitakachofuata kuliko mtu mwingine yeyote.

Saa saba na nusu hakuna. Saa nane hakuna. Hildegada aliacha maharage akaja kusimama karibu nami.

Tone la kwanza lilianguka kwenye ndoo iliyokuwa uani, tukalisikia. Lilikuwa tone kubwa. Kisha la pili, kisha bati lote likaanza kulia, na kutoka bondeni zikapanda sauti za watu, si maneno, sauti tu. Nilianza kulia bila aibu.

"Wifi," Hildegada akasema, "nataka kukuambia kitu, halafu usikitangaze."

"Niambie."

"Ile Jumamosi nilikudanganya bila kujua. Nilisema sitawasha, na nilikusudia. Lakini jana, kabla hawajaniuliza, niliwaona wanavyonitazama, nikajijua." Alisogea karibu ili nimsikie. "Kama ingekuwa siri, ningewasha. Watu mia sita wanangoja moto wa babu yangu, hawajui kwa nini wananyimwa, halafu mimi niseme naumwa? Ningeweza wapi? Ningevumilia nusu saa, basi. Walipojua, waliuliza. Nilipoulizwa, nikaweza kujibu."

Nilimgeukia. Mashine ilikuwa imeniwashia kijani kwa ahadi ambayo isingefika hata saa kumi na moja, na ilibaki kidogo sana nilisome tangazo lile. Mahindi yote yale, na watu tisa wa Oswini. Nikashika fremu ya mlango.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

Mvua ilizidi kupiga bati mpaka hatukuweza kusikilizana tena. Nikamshika mkono. Hakuuondoa.